Kibarua, Kipande na Barua: Historia ya Kumwachisha Mtu Kazi katika Tanzania

Neno kibarua, ambalo leo humaanisha mtu afanyaye kazi ya kutwa na pia kazi yenyewe, hata iwe ya ofisini, lilianza likiwa jina la karatasi. Ni barua iliyopunguzwa kwa kiambishi cha udogo: hati ndogo ambayo katika Unguja ya karne ya 19 alipewa mtu aliyekodiwa kwa siku, mara nyingi mtumwa aliyetumwa na bwana wake kwenda kubeba mizigo bandarini au kusafisha sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kizungu, ili aionyeshe wakati wa malipo, ambayo sehemu yake ilirudi kwa bwana. Jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika, na kutoka kwa mtu likahamia kwa kazi, hata ikawezekana kusema kwamba kibarua cha mkurugenzi fulani kimeota nyasi, ingawa mkurugenzi huyo hajawahi kushika hati ya kutwa maishani mwake. Historia ya kumwachisha mtu kazi katika nchi ambayo sasa ni Tanzania inaweza kufuatwa kwa njia hiyohiyo, yaani kwa kuuliza, katika kila zama, ni nani aliyeandika karatasi ya kazi, ni nani aliyeitunza, na ni nani aliyepata hasara ilipokosekana.

Neno la pili la kuangaliwa ni mtoro. Katika pwani ya Afrika Mashariki watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao na kuunda makazi yao wenyewe porini au kutafuta hifadhi penye misheni, na utoro ulikuwa kosa la mtu kujitoa katika mikono ya mwenye mali. Utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini neno halikuondoka nao. Lilihamia katika mashamba ya walowezi, likamhusu mfanyakazi aliyeacha mkataba kabla haujaisha, na hadi leo ndilo jina la kosa linaloandikwa katika hati za nidhamu za ofisi na viwanda, ambako kutofika kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano huhesabiwa kuwa utoro unaoweza kumgharimu mtu ajira yake. Si kwamba ofisa utumishi anayeliandika neno hilo ana mawazo ya mwenye shamba la karafuu. Lakini lugha ina kumbukumbu ndefu kuliko sheria, na kumbukumbu hiyo inaonyesha kwamba swali la kwanza la sheria za kazi katika eneo hili halikuwa namna ya kumlinda mtu asifukuzwe. Lilikuwa namna ya kumzuia asiondoke.

Utawala wa Kijerumani ulilijibu swali hilo kwa kiboko na kwa kadi. Adhabu ya viboko ishirini na vitano, iliyowapatia Wajerumani jina la watu wa hamsa wa ishirini katika kumbukumbu za wenyeji, ilitolewa kwa wafanyakazi pia, na mwanzoni mwa karne ya 20 katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ni Lushoto ya leo, ulianzishwa utaratibu wa kadi uliomtaka kila mwanamume amfanyie kazi Mzungu kwa siku 30 katika kila kipindi cha miezi minne. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliikuta hesabu hiyo ya siku 30, na ndiyo iliyoendelea katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kwa jina la kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 ambayo kila siku iliyokamilishwa kazi yake iliwekewa alama, na ambayo malipo yake yalitoka pale tu nafasi zote zilipojaa. Siku ambayo mnyapara aliona kazi haikutosha haikuhesabiwa. Mtu aliweza kukaa shambani mwezi na nusu, au zaidi, akiwa bado anatafuta siku yake ya thelathini.

Kipande cha Kenya kilikuwa kitu kingine, ingawa jina ni moja. Huko kilikuwa cheti cha usajili, kilichoanza kutumika kufikia mwaka 1920 kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1915, ambacho kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nacho na ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri alitia saini mtu alipoanza kazi na alipotoka, na asiyekuwa na saini ya kutoka hakuweza kuajiriwa kwingine bila kujiweka katika hatari ya kukamatwa. Kuachishwa kazi katika mazingira hayo kulikuwa, kwa namna ya ajabu, jambo ambalo mfanyakazi aliweza kuliomba na kunyimwa. Pengine si ajabu kwamba Wakenya hadi leo husema mtu amefutwa kazi, wakati Watanzania husema amefukuzwa au ameachishwa: kufutwa ni jambo la daftari.

Sheria iliyotawala mahusiano haya Tanganyika ilikuwa Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923, na jina lake linatosha kueleza mtazamo wake. Chini yake mtumishi aliyetoroka, aliyelewa kazini, aliyezembea au aliyemtukana bwana alishtakiwa kwa jinai na kutozwa faini au kufungwa, wakati bwana aliyemtoa mtumishi kabla ya wakati alikuwa, kwa sehemu kubwa, na deni la ujira tu. Ikumbukwe kwamba nchini Uingereza kwenyewe adhabu ya jinai kwa mfanyakazi aliyevunja mkataba ilikuwa imefutwa mwaka 1875, yaani miaka 48 kabla ya sheria hiyo kuandikwa kwa ajili ya Waafrika. Kilichosafirishwa pamoja nayo ni kanuni ya sheria ya mazoea ya Kiingereza, ambayo ni ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji badala ya Bunge, kwamba mwajiri anaweza kumaliza mkataba wa kazi kwa kutoa notisi au kulipa mshahara wa kipindi cha notisi, bila kutoa sababu yoyote na bila kumsikiliza anayeondolewa. Kanuni hiyo haikuwa na ubaguzi wa rangi ndani yake. Ilimchukulia kila mfanyakazi kuwa sawa na mwajiri wake mezani, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

Kwa mtu wa kipande hata kanuni hiyo ilikuwa ya mbali. Mkataba wake uliisha kila kadi ilipojaa, na mwajiri asiyemtaka hakuhitaji kumfukuza: hakumpa kadi nyingine, basi. Wakati bei ya mkonge ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929, mashamba yalipunguza ujira na kuwakataa watu waliokuja kutafuta kazi, na hapakuwa na sheria iliyotaka maelezo. Idara ya Kazi, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne kwa shabaha ya kukagua hali ya wafanyakazi, yenyewe ilifungwa mwaka 1931 kwa sababu ya kubana matumizi, jambo ambalo lingekuwa la kuchekesha kama lisingewaathiri watu wengi kiasi hicho. Hali ilikuwa tofauti kidogo kwa manamba, yaani wafanyakazi walioandikishwa mbali, huko Kigoma, Songea, Njombe na hata Ruanda-Urundi, wakapewa namba na kusafirishwa hadi mashambani, kazi ambayo tangu mwaka 1944 ilifanywa kwa kiasi kikubwa na shirika la wenye mashamba lililojulikana kwa jina la SILABU. Mkataba wa manamba ulikuwa mrefu zaidi na ulibeba ahadi moja ambayo mtu wa kipande hakuwa nayo: mwishoni mwajiri alipaswa kumrudisha alikomtoa. Ahadi hiyo itarudi katika simulizi hii.

Vyama vya wafanyakazi vilivyokua baada ya migomo ya makuli wa bandari ya Dar es Salaam ya mwaka 1939, 1943 na 1947, na hasa baada ya kuundwa kwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika mwaka 1955 likiwa na Rashidi Kawawa kama katibu mkuu, vilidai ujira kwanza. Lakini kila ujira ulipopatikana, swali la pili lilikuwa la usalama wa aliyeudai, kwa sababu njia nyepesi ya kuvunja chama ilikuwa kumwondoa kiongozi wake kwa notisi ya mwezi. Kwa sababu hiyo suala la kufukuzwa kazi liliingia katika siasa za uhuru si kama suala la haki ya mtu mmoja bali kama suala la uhai wa chama, na serikali huru ilipokuja kulishughulikia ililichukua kwa sura hiyohiyo ya kisiasa.

Mwaka 1964 ndio mhimili wa historia hii. Mwezi wa Januari askari waliasi; baada ya maasi hayo viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, Shirikisho likavunjwa, na chama kimoja tu, NUTA, kikaundwa kwa sheria ya Bunge, katibu mkuu wake akiwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi. Migomo ilikuwa tayari imebanwa na sheria ya usuluhishi wa migogoro ya mwaka 1962. Kilichotolewa badala yake, katika mwaka huohuo wa 1964, ni Sheria ya Usalama wa Kazi, ambayo kwa vipimo vya wakati wake ilikuwa jambo kubwa: Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa pendekezo lake kuhusu uachishaji kazi mwaka mmoja tu kabla, na Uingereza yenyewe haikuwa na sheria dhidi ya kufukuzwa kazi isivyo haki hadi mwaka 1971.

Sheria hiyo ilifanya mambo mawili ambayo hayakuwahi kufanyika Tanganyika. Kwanza, ilianzisha Kamati za Wafanyakazi katika sehemu za kazi, ambazo mwajiri alipaswa kuziarifu na kushauriana nazo kabla ya kutoa adhabu nzito. Pili, iliambatanisha jedwali la nidhamu lililotaja makosa, kuanzia kuchelewa hadi wizi, na kuonyesha adhabu ya kila kosa kwa mara ya kwanza, ya pili na zilizofuata, zikipanda kutoka onyo la maandishi hadi karipio, karipio kali, faini isiyozidi ujira wa siku moja, na hatimaye kufukuzwa. Ni vigumu kwa msomaji wa leo kuona ukubwa wa jedwali hilo, kwa sababu linafanana na ratiba ya shule. Lakini kwa mara ya kwanza hasira ya meneja iliwekewa ngazi, na kila daraja la ngazi hiyo lilitaka karatasi: aliyetaka kumfukuza mtu kwa kuchelewa alipaswa kuonyesha maonyo yaliyotangulia, na asiyeyaandika hakuwa nayo. Karatasi, ambayo tangu enzi za kibarua na kipande ilikuwa kitu alichodaiwa mfanyakazi, sasa ilidaiwa kwa mwajiri.

Mfanyakazi ambaye hakuridhika alipeleka lalamiko lake kwenye Baraza la Usuluhishi la wilaya, na aliyeshindwa hapo, awe yeye au mwajiri, alikata rufaa kwa Waziri, ambaye uamuzi wake ulikuwa wa mwisho. Hapa ndipo kasoro ilipojificha. Sheria iliziondolea mahakama mamlaka ya kusikiliza madai ya kufukuzwa papo hapo, na mahakama zenyewe, katika mashauri ya miaka iliyofuata, zilikubali kwamba mlango huo umefungwa. Katika miaka ya mwanzo Waziri aliyepokea rufaa alikuwa ndiye katibu mkuu wa chama kilichomtetea mlalamikaji, na pia mjumbe wa serikali iliyokuwa mwajiri mkubwa kuliko wote nchini. Mtu mmoja alivaa kofia tatu, na hakuna kiti cha hakimu ambacho kingeweza kuzibeba zote bila kuegemea upande. Issa Shivji, aliyezichunguza sheria za kazi za Tanganyika za kati ya miaka ya 1920 na 1964 katika kitabu chake cha mwaka 1986, aliisoma historia hii kama historia ya dola na tabaka, na hata asiyekubaliana na nadharia yake hana budi kukiri kwamba usalama wa kazi wa mwaka 1964 ulikuwa zawadi iliyotolewa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukichukua haki ya kugoma.

Zawadi hiyo ilipimwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, pale mashirika ya umma yalipoongezeka na mameneja wake wakawa watumishi wa serikali. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha Mabaraza ya Wafanyakazi katika mashirika hayo, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukapiga marufuku viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma Mwongozo kwa makini kuliko waandishi wake walivyotarajia. Kati ya mwaka 1971 na 1973 yalitokea matukio mengi ya kusimamisha kazi Dar es Salaam ambayo hayakuhusu mshahara bali namna watu walivyotendewa, na katika baadhi ya viwanda wafanyakazi waliwafungia mameneja nje ya lango, wakiwafukuza wale waliozoea kufukuza, bila onyo, bila karipio na bila kikao. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi na kukiendesha wenyewe kwa muda. Serikali ilivumilia kiasi, kisha ikachoka, na walioonekana vinara wakapoteza kazi zao.

Baada ya kipindi hicho, mwaka 1975, sheria ilifanyiwa marekebisho yenye athari iliyodumu kuliko yote yaliyosimuliwa hadi hapa. Mabaraza na Waziri walikuwa na uwezo wa kuamuru aliyefukuzwa arudishwe kazini, lakini waajiri wengi walikataa kumpokea. Marekebisho yakaamua kwamba mwajiri anayekataa kumrejesha mtu atalipa fidia ya kisheria pamoja na mishahara ya miezi kumi na miwili. Mwanzoni hiyo ilikuwa bei ya ukaidi tu. Hakuna aliyeweza kujua kwamba miezi kumi na miwili ingeishi kuliko Sheria ya Usalama wa Kazi yenyewe.

Jedwali la nidhamu, hata hivyo, halikuwa na la kusema pale mtu alipopoteza kazi bila kosa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege la pamoja walijikuta mwajiri wao amekufa. Mali na madeni ya Jumuiya yaligawanywa kwa makubaliano ya mwaka 1984 yaliyosimamiwa na msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na wajibu wa mafao ukaangukia kila nchi kwa watu wake; lakini kwa upande wa Tanzania zaidi ya wazee 31,000 waliendelea kudai, wakaandamana, wakafika mahakamani, na maridhiano ya kuwalipa hayakufikiwa hadi mwaka 2005. Miaka 28 ni umri wa mtu mzima. Baadhi ya waliolipwa walikuwa warithi, waliokuja na vyeti vya vifo pamoja na barua za ajira ambazo karatasi yake ilikuwa imegeuka manjano.

Wimbi la pili la uachishaji wa aina hiyo lilikuja na marekebisho ya uchumi na ubinafsishaji wa miaka ya 1990, wakati makumi ya maelfu ya watumishi wa serikali na wa mashirika ya umma walipoondolewa, na Kiswahili kikapata msemo wake wa kitaasisi: kupunguzwa. Msemo huo ni mpole mno, kwani mtu hapunguzwi, huondolewa mzima, lakini ulikuwa na ukweli mmoja ndani yake, kwamba anayepunguzwa hakukosa. Sheria ya zamani haikueleza achaguliwe vipi. Katika utumishi wa umma kulikuwa na msemo mwingine mgumu zaidi, kustaafishwa kwa manufaa ya umma, uliotokana na kanuni ya kifalme ya Kiingereza kwamba mtumishi wa dola hushika nafasi yake kwa ridhaa ya mtawala. Kanuni hiyo ilipata pigo mahakamani katikati ya miaka ya 1990, pale Jaji Kiongozi Barnabas Samatta alipoamua, katika shauri la ofisa wa uhamiaji aliyestaafishwa kwa njia hiyo, kwamba chini ya Katiba mamlaka ya Rais ya kumwondoa mtumishi hayaruhusu kumwondoa bila sababu ya msingi. Uamuzi huo ulitokana na sheria ya katiba, si sheria ya kazi, lakini ulitangulia kusema kile ambacho Bunge lingekisema kwa waajiri wote muongo mmoja baadaye.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ilifuta Sheria ya Usalama wa Kazi pamoja na sheria nyingine kadhaa, na pacha wake, Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo, iliunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi pamoja na divisheni ya kazi ya Mahakama Kuu. Zanzibar, ambako ajira si jambo la Muungano, ilipitisha sheria yake mwaka 2005. Umbo la sheria ya Tanzania Bara lina mkono wa Afrika Kusini, ambayo sheria yake ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1995 ilikuwa mfano wa wazi, lakini kila kipengele chake kikisomwa pamoja na yaliyotangulia huonekana kama jibu la lalamiko la zamani. Mwajiri sasa anapaswa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba sababu ya kumwachisha mtu ni halali, maana yake ipo kweli, kwamba ni ya haki, maana yake inahusu mwenendo wa mtu, uwezo wake, kuendana kwake na kazi, au mahitaji ya uendeshaji, na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake, si kwa mfanyakazi. Ujauzito, ulemavu, uanachama wa chama cha wafanyakazi na kushiriki mgomo halali haviwezi kuwa sababu, na msomaji anayekumbuka notisi za mwezi mmoja za miaka ya 1950 ataelewa kwa nini chama kimetajwa.

Utaratibu wenyewe ulifafanuliwa katika kanuni za utendaji bora zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Meneja anapaswa kuchunguza kwanza ili ajue kama kuna jambo la kujibiwa, kisha ampe mtuhumiwa tuhuma zake kwa namna na kwa lugha anayoweza kuielewa, ampe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, amruhusu asaidiwe na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na kikao kiongozwe na mtu mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Baada ya uamuzi mtuhumiwa asikilizwe kuhusu adhabu, apewe sababu na aelezwe haki yake ya kukata rufaa. Sharti la lugha linastahili kutazamwa zaidi. Kwa miongo mingi barua ya kumfukuza dereva au mlinzi iliandikwa kwa Kiingereza, naye akaitafutia msomaji mtaani ili ajue kama bado ana kazi. Kanuni ya mwaka 2007 ililigusa jambo hilo miaka 14 kabla ya marekebisho ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa upande wa kupunguza wafanyakazi, sheria sasa inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia yake mapema, aonyeshe taarifa zinazohusika, na ashauriane kuhusu sababu, njia za kuepusha, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, wakati na malipo. Na mkataba wa muda maalumu, mjukuu wa kipande, haumalizwi tena kwa ukimya kila wakati, kwani kutouhuisha pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa huhesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi.

Aliyeachishwa ana siku 30 za kufika kwenye Tume, ambako msuluhishi hujaribu kuwapatanisha na, wasipopatana, mwamuzi hutoa tuzo. Na hapo ile miezi kumi na miwili hutokeza tena. Kama ilivyopitishwa mwaka 2004, sheria ilisema kwamba fidia ya mtu aliyeachishwa isivyo haki haitapungua ujira wa miezi 12. Nchini Afrika Kusini, ulikotoka mfano, miezi 12 ni dari ya fidia ya kawaida. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilifuta uwezo wa kumwondoa mtu kwa notisi tupu, miezi 12 pia ni dari. Tanzania peke yake kati ya hizo tatu iligeuza dari kuwa sakafu. Waajiri wamelilalamikia hilo, na Mahakama ya Rufani baadaye ilikubali kwamba pale ambapo sababu ilikuwa halali na kasoro ilikuwa ya utaratibu tu, fidia inaweza kushuka chini ya hapo. Hata hivyo, asiyejua marekebisho ya mwaka 1975 anaweza kudhani kwamba ni kosa la mwandishi wa sheria, kumbe ni urithi.

Kwamba sheria nzuri haizuii serikali kuwaondoa watu kwa tamko ilionekana Aprili 2017, pale watumishi wa umma 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi walipotakiwa na Rais John Magufuli kuondoka mara moja. Kughushi cheti ni kosa ambalo hakuna kanuni inayolitetea, lakini wingi wa watu kwa siku moja uliacha nafasi ndogo ya kumsikiliza kila mmoja. Baadhi ya watumishi wa elimu ya darasa la saba walioguswa na uhakiki wa kipindi hicho walirudishwa kazini mwaka 2018, na mwaka 2022 serikali ikatangaza kuwarejeshea waliokuwa na vyeti feki michango yao ya hifadhi ya jamii. Kwa mara nyingine karatasi ya mfanyakazi ndiyo iliyokaguliwa kwanza.

Karatasi ya mwisho anayopaswa kupewa mtu anayeondoka, chini ya sheria ya mwaka 2004, ni hati ya utumishi, pamoja na mshahara wa siku alizofanya, likizo asiyochukua, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi na, kwa anayestahili, kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kifungu cha 43 kinaongeza jambo moja ambalo mameneja vijana hulishangaa: aliyeachishwa kazi mahali ambapo sipo alipoajiriwa hulipiwa usafiri wa kurudi, na hulipwa posho ya kujikimu kwa siku zote anazosubiri kusafirishwa. Katika karatasi za hesabu za ofisi nyingi hiyo ni safu ndogo, nauli ya basi kutoka Tanga hadi Kigoma na mizigo ya kaya, na kila siku inayopita bila nauli hiyo kulipwa huongeza deni la posho, hata mwaka mzima baada ya barua.